Maharagwe Kwenye Moto wa Wanaume

Mjukuu wangu anaamini amegundua kitu. Jumapili iliyopita aliwaalika wenzake nyumbani kwake Ruiru, akawasha jiko lake kubwa la kuchomea nyama, na kando ya nyama akaweka sufuria ya maharagwe. Aliyaacha wazi bila kifuniko ili moshi uyapate. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikijifanya nimesinzia, kama tunavyofanya sisi wazee tukitaka kusikia kila kitu, ndipo akaniletea kijiko.

"Cucu, onja hii. Si ile maharagwe umezoea. Inaitwa babikyu, nimetoa kwa simu. Ni ya kusindikiza nyama tu."

Nikaonja. Kitunguu kilichoungua, nyanya, utamu wa sukari iliyokaribia kuwa chungu, pilipili nyuma kabisa, na moshi. Nikasahau kumrudishia kijiko chake. Akaniuliza kama yameharibika. Nikamwambia hayajaharibika ila yamechelewa, kwa maana mimi niliyala hayo kabla mama yake hajazaliwa, na si mbali na pale alipoegesha gari. Akacheka, akawaambia wenzake kwamba cucu wake, yaani nyanya yake, ana maneno. Sikuendelea, kwa sababu vijana wakishacheka hadithi imekwisha. Lakini ninyi wa rika langu mtanivumilia. Ninyi mnavijua vile vijiji tulivyokusanywa wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, nyumba zimepangwa safu safu, handaki limezunguka, na filimbi ya jioni ikilia kila mtu awe ndani.

Sisi tulikuwa safu ya tatu, mimi na Mama. Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, na harufu yake ilikuwa ya moshi, ya maharagwe mabichi na ya magunia ya kahawa ambayo Mama alijifunika mvua ikinyesha. Kutwa alikuwa akichuma kahawa kwenye shamba la Mzungu ng'ambo ya mto. Baba alichukuliwa nikiwa bado sijatembea, akapelekwa kizuizini, kwa hiyo kila nilichojua juu yake nilikijua kwa mdomo wa Mama. Alinisimulia tukikaa kuchambua maharagwe. Baba yako, alikuwa akisema, akicheka huku anasikika ng'ambo. Baba yako alikula paja la mbuzi peke yake siku tuliyooana, akapasua mfupa kwa meno, akanipa mimi uboho. Mama alipofika hapo kwenye uboho, maharagwe yalikuwa yakimponyoka vidoleni.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Niliuliza kwa nini filimbi ya garimoshi inasikika kabla ya garimoshi lenyewe kuonekana, niliuliza mchwa wanajuaje mvua inakuja, niliuliza kwa nini mama wa jirani ana ndevu mbili, na hilo niliuliza mbele yake. Nilichapwa zaidi kwa maswali kuliko nilivyochapwa kwa makosa. Jibu la kawaida la watu wazima lilikuwa, "Wee mtoto, hebu nenda ukachote maji."

Halafu mtu akaja. Ilikuwa mchana, jua limesimama, na alikuwa na kifurushi kidogo na kikombe cha bati kilichofungwa kwenye mshipi. Mama aliachia debe la maji likamwagika lote mlangoni. Guka, baba yake baba, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, alikuja mbio bila fimbo yake na nikamwona akilia, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Mimi nilisimama kwenye matope ya yale maji nikitazama. Yule mtu alikuwa mwembamba, amekauka, na hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akaziba mdomo kwa kiganja kana kwamba anataka kukohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Maitu."

Maitu ni mama. Mtu mzima mwenye mvi kwenye masikio ananiita mama! Niliingia ndani nikamwambia Mama kwamba huyo mgeni hajui mimi ni nani. Mama akacheka huku akijifuta macho kwa leso. "Una jina la mama yake. Kwa hivyo wewe ni mama yake. Angekuita nani?" Kweli nilikuwa na jina la Cucu Wambui, na Guka kwa sababu hiyohiyo aliniita bibi yake, yaani mkewe, na kunidai chai. Lakini hilo lilikuwa mzaha wetu, mimi na Guka. Huyu hakuwa akifanya mzaha. Cucu alikuwa amefariki yeye akiwa huko kizuizini, na jina hilo lilipomtoka midomo ilitetemeka. Mimi nikaona mtu anayetetemeka, nikasema moyoni, baba yangu hatetemeki.

Jioni ile Mama alipika githeri, mahindi makavu na maharagwe, akatia viazi kwa sababu ya furaha. Yule mtu alikula polepole. Alipomaliza, kwenye sahani kulikuwa na rundo la mahindi. Alikuwa amechagua maharagwe na viazi, akaacha mahindi yote. Mama akasema ni uchovu wa safari. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu Mama akaichukua ile sahani akaiweka chini kwa kishindo.

"Mahindi yangu yana nini?"

"Hayana kitu, Nyambura."

"Unachagua kama kuku."

Akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama moto. Mama akamwaga yale mahindi kwa kuku wa kweli.

Wiki ya pili alikwenda Thika kutafuta kazi. Hakupata kazi. Alirudi na vitunguu vitatu, nyanya chache, ndimu mbili, na donge la sukari nguru kutoka duka la Mhindi, limefungwa kwenye gazeti, la kahawia, linanata. Mama akauliza hiyo ni ya nini. Akasema, "Utaona." Mama hakuona, maana asubuhi alikwenda kuchuma kahawa. Aliyeona ni mimi.

Aliwasha moto nyuma ya nyumba, nje, kwa matawi makavu ya mibuni yaliyokatwa shambani. Kuni za mbuni zinatoa makaa mazuri, hazina moshi mwingi wa kutoa machozi. Alikuwa ameloweka maharagwe tangu jana yake bila mtu kujua. Akayachemsha na magadi kidogo, akakaa kwenye jiwe akiyasubiri. Nilikuwa nimejificha kwenye kona nikichungulia kwa jicho moja.

Lazima nieleze, kwa sababu mjukuu wangu akisoma hapa ataniuliza ajabu iko wapi. Kwetu moto ulikuwa na wenyewe. Moto wa mafiga matatu, ule wa sufuria, ulikuwa wa mwanamke, na mwanamume mwenye mke hakuukaribia ila kuwasha tumbaku. Moto wa nje wa kuchoma nyama ulikuwa wa wanaume, na mwanamke hakuusogelea. Maharagwe ni ya sufuria, nyama ni ya moto wa nje, basi. Mwanamume aliyechemsha maharagwe akiwa na mke mzima alikuwa akiutangazia ulimwengu kwamba mke huyo hafai. Nilijua hayo yote nikiwa na miaka saba kama nilivyojua jina langu. Na sasa hapa alikuwa mwanamume, na sufuria ya maharagwe, kwenye moto wa nje. Sikuweza kuvumilia. Nikatoka mafichoni.

"Kwa nini unachoma kitunguu na ganda lake?"

Alikuwa amekizika kitunguu kizima kwenye majivu ya moto. Nilisubiri nitumwe maji. Akakigeuza kwa kijiti.

"Cha kuchemsha kinajaa maji. Cha kuchoma kinatoa sukari yake yote. Lile ganda ni nguo yake, kisiungue ndani."

"Na nyanya, mbona hujatia?"

"Ukitia nyanya mapema, maharagwe yanakataa kuiva. Yatabaki mawe mpaka kesho. Vitu vikali vinangoja. Kwanza yalainike kabisa, mpaka ukibonyeza moja kwa kidole lisikatae."

Akatoa moja, akaniwekea kiganjani. Nikabonyeza. Halikukataa.

Basi nikauliza yote niliyokuwa nayo. Akajibu yote. Aliyeyusha sukari nguru kwenye kopo mpaka ikageuka rangi na kuanza kunuka kama inaungua, nikapiga kelele kwamba inaungua, akasema hapo ndipo panapotakiwa, kabla tu haijaharibika. Alimenya kitunguu na nyanya zilizoungua kwa vidole vyake bila kusikia moto, akaviponda kwa mgongo wa mwiko, akatia vyote kwenye maharagwe pamoja na pilipili na maji ya ndimu, akaiacha sufuria wazi, akatupa jani bichi la mbuni kwenye makaa ili moshi upande. Alinijibu hata kuhusu filimbi ya garimoshi. Ni swali moja tu lililomshinda.

"Nani alikufundisha?"

"Mtu mmoja huko. Alikuwa mpishi wa jeshi, vita vya Wazungu."

"Huko ni wapi?"

Akakoroga. Akakoroga tena. Nikaelewa kwamba swali hilo ndilo maji yake ya kuchota, nikaliacha. Kisha akanipa kijiko, na sijui niwaambieje. Mimi niliyejua maharagwe ya kuchemsha, ya kuponda na ya githeri, nilidhani mtu amepika peremende. Nilikula mpaka tumbo likauma. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimeanza kumpenda, na bado sikuamini ni baba.

Jirani alikuwa ameona moshi. Kufikia wakati Mama anarudi, safu zote zilikuwa zimepata habari, na alipita katikati yao na kikapu chake mgongoni huku wakimsalimu kwa utamu uliozidi. Yule mtu alikuwa amemwekea sahani. Mama hakukaa.

"Kwa hivyo mimi nimekufa?"

"Onja kwanza, Nyambura."

"Wanawake wameniuliza kama nimekufa. Mume wangu anajipikia, ati. Chakula changu unakichagua kama kuku, halafu unajipikia cha sukari? Mwanamume hajifunzi kupika hivi peke yake. Iko mwanamke Thika."

"Hakuna mwanamke Thika."

"Basi kula mahindi yangu!"

Kiganja kikapanda mdomoni. Mama akaisukuma ile sahani kwa mguu, si kwa nguvu, lakini kwa mguu. Hakuonja. Naukumbuka uso wake yule mtu alipoinama kuiokota, na ninaona haya hata leo, kwa sababu nilikuwa upande wa Mama.

Asubuhi tulipokwenda mtoni Mama aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga kufua. Guka alikuwa amepata ruhusa ya chifu kumchinjia mwanawe mbuzi wa shukrani Jumamosi. Mama angekaa mpaka hapo ili asimwaibishe mzee. "Jumapili mimi na wewe tunakwenda Kalimoni kwa mama yangu."

"Tutarudi lini?"

"Haturudi."

"Na yeye?"

"Atapikiwa na aliyemfundisha."

Nilibeba kibuyu changu nikifikiri, na mawazo yangu yalikuwa haya. Kama huyu ni baba, tunamwacha baba, naye ameshinda miaka yote hiyo akitafuta njia ya kurudi kwetu. Kama huyu si baba, basi hakuna sababu ya kwenda popote. Mgeni anaweza kupika anachotaka, tutamfukuza vizuri na kumngoja mwenyewe. Nilitaka sana awe si baba, ili tusiende. Na nilitaka sana awe baba, kwa sababu ya filimbi ya garimoshi. Kichwa cha miaka saba hakina nafasi ya vitu vyote hivyo. Nikaamua kwamba Jumamosi nitajua. Baba yangu nilimjua kwa kitu kimoja kisichoweza kughushiwa: nyama. Nitamtazama akila nyama.

Jumamosi mbuzi akachinjwa nyuma ya nyumba ya Guka. Ruhusa ilikuwa ya watu wachache, kwa hiyo kwenye moto kulikuwa na Guka, yule mtu, na wazee wawili wa rika la Guka ambao walikuwa wakibishana juu ya chumvi tangu asubuhi. Mama alikuwa mlangoni kwetu akitengeneza uji, mgongo ameugeuza. Nguo zetu mbili tatu zilikuwa tayari zimefungwa kwenye leso, nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa kwenye migomba, tumbo chini.

Yule mtu akaja na sufuria yake. Akaiweka kwenye makaa chini ya nyama, mahali ambapo mafuta yangedondokea ndani. Mzee mmoja akatema mate kando.

"Kamau," Guka akasema, "tangu lini maharagwe yakakaa na nyama?"

"Ni ya kusindikiza tu, baba."

"Nyama haiogopi njia. Haihitaji kusindikizwa."

Wazee wakacheka. Yeye akageuza mbavu kwenye moto, akaziba mdomo, na nadhani alicheka pia. Guka alimtazama kwa muda halafu akaiacha sufuria ilipo. Siku ile hakutaka kumkatalia kitu.

Mchomaji huonja. Akakata kipande cha ini, akakitia mdomoni. Alikitafuna mbele, kwa meno ya mbele tu, upesi upesi, kama sungura. Akasita. Akatafuna tena. Kisha akageuka upande wa migomba, upande wangu kabisa, akatema lile ini kiganjani, akamrushia mbwa wa Guka. Nikaona vizuri. Baada ya muda akajaribu kipande kingine, kidogo zaidi, nacho kikaenda kwa mbwa. Halafu akachovya kijiko kwenye maharagwe, akala, akafumba macho.

Nimepata, nikasema. Mtu huyu hali nyama. Ametupumbaza wote.

Guka akatoa ubavu motoni, mrefu, unaomeremeta, akauweka kwenye jani la mgomba. Wazee wakaacha ubishi wao wa chumvi. Aliyechinjiwa mbuzi ndiye hula kwanza, mbele ya wote, na mpaka amemeza hakuna mkono mwingine unaonyooshwa. Guka aliunyanyua ubavu kwa mikono miwili na kulitaja jina la mwenyewe. "Kamau, huu ni wako. Nilimwomba Mungu nisife kabla sijakukatia." Yule mtu akaupokea, akaushika, akautazama. Akaitazama sufuria. Akautazama tena ubavu. Jasho lilikuwa likimtiririka na moto haukuwa mkali hivyo.

Nikatoka kwenye migomba nikikimbia.

"Guka, usimpe! Huyu si mtoto wako! Anatema nyama, anampa mbwa! Nimemwona!"

Kutema nyama aliyokukatia baba yako ni kumrudishia baraka zake usoni, na kumpa mbwa, hilo hata halikuwa na jina. Wazee walitazama chini. Nikadhani nitapigwa, lakini hakuna aliyenitazama mimi.

"Ni kweli?" Guka akauliza polepole.

"Ni kweli, baba."

"Nyama yangu ina nini?"

Yule mtu akaurudisha ubavu kwenye jani, kwa uangalifu, kama mtoto mchanga. Akapiga magoti mbele ya Guka. Akaondoa kiganja, akafungua mdomo.

Guka alimshika kidevu akamgeuzia uso kwenye jua, kama anayetazama umri wa mbuzi sokoni. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mimi, nilikuwa nimeshapenyeza kichwa changu kati yao. Meno ya mbele yalikuwepo, moja limevunjika. Nyuma yake hakukuwa na kitu. Kushoto ufizi mtupu, kulia ufizi mtupu, na makovu meusi mahali magego yalipokuwa.

"Yako wapi?" Guka akauliza.

"Yalibaki huko, baba."

Guka hakuuliza huko ni wapi. Aliendelea kukishika kile kidevu, na kidole gumba chake kilikuwa kikimpapasa shavu, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya wazee wenzake. Mimi nilikuwa nimeyapata majibu yangu yote kwa mara moja, mahindi, ini, kiganja, sufuria iliyokaa chini ya nyama ili mtu apate cha kula akiwa na wenzake bila kuulizwa, na sikuyataka tena. Niliona aibu mpaka masikio yakaungua. Nilitaka mtu anichape.

Kelele zangu zilikuwa zimemleta Mama. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba ya Guka, mahali ambapo wanawake walikoma, na kwa pale aliposimama jua lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye ule mdomo uliofunguliwa. Ameona. Nilijua ameona kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani.

Kisha akaja. Alipita pembe, akapita mbao za kukalia, akawapita wazee wawili ambao walisogeza miguu yao bila neno, akafika kwenye moto wa wanaume, akachuchumaa. Akachukua mwiko. Akachota maharagwe, akayapuliza, akayala. Alitafuna kwa muda mrefu sana kwa kitu laini hivyo, na machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni pamoja na chakula.

"Hayana chumvi," akasema.

Baba alikuwa bado amepiga magoti. "Huko hatukuwa na chumvi. Nilijifunza hivyo."

Mama akalamba mwiko, akaufuta kwa leso.

"Hapa tunayo."

Akararua jani la mgomba, akakunja, akaishika sufuria kwa jani hilo na kuiondoa motoni. Akasimama nayo. "Njoo unionyeshe vile unachoma hicho kitunguu," akasema akitazama kwingine, kwa sauti ileile ya kukemea. "Na kama ulinyamaza ati ndio nisijue, wewe ni mjinga, Baba Wambui. Mjinga kabisa." Akatangulia. Naye akainuka, akapangusa magoti, akawaacha wanaume na mbuzi wao, akamfuata mkewe hadi kwenye mafiga matatu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia Mama akiuliza na nilimsikia Baba akijibu, Mama akauliza tena, akajibiwa tena.

Ubavu ulikuwa umebaki kwenye jani. Wazee waliutazama na njaa yao, lakini sehemu ikishatajiwa jina la mtu, hapewi mwingine, na mpaka iliwe hakuna atakayekula. Guka aliukodolea macho kwa muda. Halafu akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi yangu, wewe mwenye mdomo. Njoo hapa. Kula hii, badala ya baba yako."

"Mimi ni msichana, Guka."

"Nimekuuliza?"

Nikaushika kwa mikono miwili, kama alivyoushika yeye. Nikakaa pale kwenye moto wa wanaume, wazee watatu wakiningoja, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na swali hata moja. Nyama ilikuwa ngumu, mbuzi wa Guka alikuwa mzee. Nikatafuna kushoto, nikatafuna kulia, taya zikaniuma, na sikumrushia mbwa hata kipande. Nilikula sehemu ya baba yangu mpaka ikaisha.